Maisha ya Griffith J. Griffith, mfungwa aliyeachia mji nyumba ya nyota



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliojulikana, desturi yetu munaijua. Tunachagua mtu aliyekufa zamani, tunaeleza kazi yake, na mwisho tunasema: wanafunzi, tumufuate. Mara hii nimechagua mtu ambaye siwezi kuwaambia mumufuate. Nitaeleza sababu.

Hakuna hata mmoja kati yetu asiyejua mabishano ya taa. Mkubwa mmoja wa internati alipiga mtoto wa darasa la chini vibaya sana, akafukuzwa kwa muda. Aliporudi, alileta taa kubwa ya jua aliyoinunua kwa franga za kazi ya likizo, ili iwekwe ndani ya chumba cha masomo ya jioni. Basi shule ikagawanyika. Wengine walisema taa ni taa, na umeme wetu unakatika kila siku. Wengine walisema hawatasoma chini ya mwangaza wa mtu wa namna ile. Mimi kiongozi wenu nilikuwa katika hawa wa pili, na nilisema kwa sauti kubwa.

Katika siku zile zile nilikuwa natafuta habari za nyumba za kuangalia nyota juu ya somo la jiografia. Ndiyo namna nilikutana na Griffith. Someni mpaka mwisho, kisha tuongee.

1. KUZALIWA NA KUTAJIRIKA

Griffith Jenkins Griffith alizaliwa tarehe 4 Januari 1850 katika kijiji cha Betws, inchi ya Wales, ndani ya Ufalme wa Uingereza. Kwao hakukuwa na mali. Mwaka wa 1865, akiwa kijana wa miaka 15, alivuka bahari akaenda Marekani kutafuta maisha.

Alifika mpaka California, upande wa magharibi kabisa. Mwaka wa 1878 gazeti moja la San Francisco likamupa kazi ya kuandika habari za migodi. Alitembea migodi mingi, akajua dhahabu na feza vinatoka fasi gani, na matajiri wakaanza kumuuliza shauri. Sisi watoto wa inchi ya madini tunaelewa jambo hili bila mwalimu. Anayejua mbele ya wengine kile kilicho chini ya udongo, huyo hakai maskini siku nyingi. Griffith akatajirika.

Mwaka wa 1882 alihamia Los Angeles, mji uliokuwa bado mdogo. Alinunua shamba kubwa la zamani liliitwa Rancho Los Feliz, zaidi ya hektari 1600. Mwaka wa 1887 akaoa Christina Mesmer, binti wa jamaa tajiri na ya kuheshimiwa. Walizaa mtoto mmoja, kijana.

Watu waliomujua wanasema alikuwa mtu wa kujivuna. Alipenda aitwe Kanali, lakini hakuna vita aliyopigana wala batayo aliyoongoza. Alipenda kuonekana. Hii ni tabia ambayo hata sisi hatuikosi.

2. ZAWADI YA KWANZA

Mwezi wa Desemba 1896, wakati wa Noeli, Griffith alitoa zawadi iliyoshangaza mji wote. Alikata sehemu kubwa ya shamba lake, zaidi ya hektari 1200 za vilima na miti, akaipa serikali ya mji wa Los Angeles bila kuomba hata dola moja. Alitaka pakuwe bustani ya watu wote, fasi ya kupumzika kwa mfanyakazi na watoto wake, si kwa matajiri peke yao. Kuna waliosema kwa siri kwamba alikuwa anakimbia kodi ya ardhi. Lakini zawadi ilikuwa zawadi, na mpaka leo ile bustani iko, na inaitwa Griffith Park. Ni moja ya bustani kubwa za mji katika Marekani yote.

Kama maisha yake yangekwisha pale, ningewaandikia ukurasa mmoja wa sifa, na tungemaliza.

3. TAREHE 3 SEPTEMBA 1903

Mbele ya watu Griffith alikuwa anasifu wale wanaopinga pombe. Lakini kwa siri alikuwa anakunywa pombe kali sana kila siku. Pombe ikaharibu akili yake. Yeye alikuwa Muprotestanti, bibi yake Mukatoliki. Akaanza kuamini kwamba bibi yake na Papa wa Roma wameungana kumutilia sumu na kunyang'anya mali yake. Fikirini: mtu mkubwa wa mji, anabadilisha sahani yake na ya bibi yake kwenye meza kwa kuogopa sumu!

Mwaka wa 1903 walikwenda kupumzika pamoja na mtoto wao katika hoteli moja kando ya bahari, kule Santa Monica. Tarehe 3 Septemba Griffith aliingia ndani ya chumba akiwa na bastola. Akamupa bibi yake kitabu chake cha maombi, akamuamuru apige magoti, akaanza kumuuliza maswali aliyokuwa ameyaandika juu ya karatasi: kama amemupa sumu, kama amekuwa mwaminifu. Christina alijibu akiwa juu ya magoti, akimuomba amuachilie. Griffith akapiga risasi, akilenga kichwa.

Christina aligeuza kichwa kidogo, na hiyo ndiyo sababu hakufa. Risasi iliharibu jicho lake moja kabisa. Akiwa na damu usoni, aliruka kwa dirisha, akaanguka juu ya paa la chini, akaumia tena, akajikokota kuingia kwa dirisha lingine, na watu wakamusaidia.

Dada zangu, na ninyi kaka zangu, ninaomba mukumbuke jina lile: Christina. Mutaona kwamba mbele kidogo watu wanalisahau, na karibu mimi pia nilisahau.

4. TRIBINALI NA GEREZA

Kesi ilisikilizwa mwaka wa 1904. Griffith alilipa avoka mwenye kujulikana sana, Earl Rogers. Jamaa ya Christina nayo ililipa mtu aliyekuwa zamani guvernere wa California ili awasaidie. Avoka Rogers hakukana risasi. Alisema kwamba pombe ilikuwa imemutia mteja wake wazimu. Christina alikuja mbele ya majuji, uso wake ukiwa umeharibika, akaeleza yote.

Hukumu ilikuwa miaka 2 ya gereza na kulipa dola 5000. Watu wengi waliona ni kidogo sana kwa mtu aliyetaka kuua. Mwaka ule ule tribinali ilivunja ndoa yao, mtoto akabaki kwa mama yake. Griffith alifungwa katika gereza la San Quentin, na mwisho wa mwaka wa 1906 akatoka.

Alipotoka, pombe alikuwa ameiacha. Alianza kusema mbele ya watu juu ya hali ya wafungwa na namna magereza yanapaswa kubadilishwa. Lakini mji ulikuwa umemugeuzia mgongo. Jina la bustani lilikuwa bado lake, mwenyewe hakuna aliyetaka kumusalimia.

5. KILE ALICHOKIONA JUU YA MLIMA

Karibu na Los Angeles kuna mlima unaoitwa Mount Wilson. Tangu mwaka wa 1904 mtaalamu George Ellery Hale alikuwa amejenga juu yake kituo cha kuchunguza nyota, na mwaka wa 1908 wakaweka darubini yenye kioo cha metre moja na nusu kwa upana. Katika siku zile ilikuwa kubwa kupita zote zilizokuwa zinatumika duniani. Griffith akapanda kule, wakamuruhusu kuweka jicho.

Aliyoyaona yalimugeuza. Alisema kwamba kama wanadamu wote wangeweza kuangalia kwa ile darubini, dunia ingebadilika. Ninafikiri tunaweza kuelewa. Mtu aliyejiona mkubwa, kisha akajiharibu mwenyewe, anaangalia mbingu, anaona kwamba hata Kanali na mfungwa ni mavumbi mamoja.

Lakini aliona pia jambo lingine. Zile darubini kubwa ziko juu ya milima, mbali, na zinatumiwa na wataalamu peke yao. Mama anayeuza sokoni hawezi kupanda kule. Griffith akawaza: kwa nini nyota ziwe mali ya watu wachache? Nyumba ya kuangalia nyota lazima iwe karibu na mji, na mlango wake uwe wazi kwa kila mtu.

6. MJI UNAKATAA

Mwezi wa Desemba 1912 Griffith alitoa neno mbele ya mji wa Los Angeles: atalipa dola 100.000 ili wajenge nyumba ya nyota juu ya mlima wa Mount Hollywood, ndani ya bustani yake. Mwaka uliofuata akaongeza franga zingine za kujenga uwanja wa michezo ya kuigiza na muziki.

Halmashauri ya mji ilitaka kupokea. Lakini wakubwa wa bustani na raia wengi wakakataa kabisa. Walisema kwamba mji hauwezi kununuliwa na mtu aliyempiga bibi yake risasi, na kwamba watoto watajifunza nini wakiona jina lake juu ya jengo zuri. Neno likafika mpaka tribinali. Griffith akashindwa.

Hapa ndipo niliweka kitabu chini, nikacheka peke yangu. Maneno yale niliyajua. Niliyasema mimi mwenyewe mbele ya chumba cha masomo.

Griffith hakubishana tena. Aliandika ndani ya wosia wake kwamba sehemu kubwa ya mali yake ikae kama mfuko kwa ajili ya majengo yale mawili, akaeleza ni nini kiwe ndani: darubini ya watu wote, chumba cha vitu vya sayansi, na chumba cha kuonesha sinema ya mafundisho. Akafa tarehe 6 Julai 1919, ini lake likiwa limeharibika, akiwa na miaka 69. Hakuona hata jiwe moja la nyumba yake.

Alipokwisha kufa, mji ukapokea. Uwanja wa michezo ulifunguliwa mwaka wa 1930, na kazi ya nyumba ya nyota ilianza mwaka wa 1933. Mwezi wa Machi wa mwaka ule tetemeko la ardhi lilikuwa limepiga karibu na pale, kwa hiyo wajenzi wakaongeza nguvu ya kuta za beto. Tarehe 14 Mei 1935 raia waliingia mara ya kwanza, na katika siku 5 za kwanza watu zaidi ya 13.000 walipita ndani.

Mimi ninauliza: zile franga zilikuwa chafu mwaka wa 1912, ni nani aliyezifua mpaka zikawa safi mwaka wa 1935?

7. NYUMBA YENYEWE NA VITU VILIVYO NDANI

Ile nyumba inaitwa Griffith Observatory, na iko wazi mpaka leo. Kuta zake ni nyeupe, na ina mapaa matatu ya mviringo, la katikati ni kubwa kupita mengine. Mbele yake kuna mnara wenye sanamu za wataalamu sita wa nyota: Hipparchus, Copernicus, Galileo, Kepler, Newton na Herschel. Kuingia ndani ni bure, sawa mwenyewe alivyotaka. Watu wanalipa kwa chumba kimoja tu, nitasema mbele kidogo.

Ukiingia tu, unakuta shimo la mviringo, na ndani yake mpira wa shaba wenye kilo karibu 109, unaning'inia kwa kamba ya chuma yenye metre 12. Unakwenda na kurudi polepole. Kando yake wameweka vijiti vidogo vimesimama, na kila dakika karibu 7 mpira unaangusha kimoja. Mgeni anafikiri mpira umegeuza njia. Hapana! Mpira unashika njia yake, ni sakafu inayogeuka chini yake, kwa sababu dunia yote inazunguka. Kule Los Angeles mzunguko mzima unachukua karibu saa 42. Kwenye ncha ya kaskazini ya dunia ungechukua siku moja. Na kwetu hapa Kongo, fasi mstari wa Ikweta unapita, karibu na Butembo na karibu na Mbandaka, mpira ule ungeangusha vijiti viwili vya njia yake, kisha basi, hautaangusha kingine hata ungengoja mwaka. Wanafunzi wa fizika, muulizeni mwalimu wenu sababu, ni swali zuri.

Juu ya paa moja ndogo kuna darubini ya Zeiss, kioo chake ni sentimetre 30. Usiku usio na mawingu kila mtu anapanga mstari, mkubwa na mdogo, na anaangalia Mwezi, ao Jupita, ao pete za Saturne, bila kulipa. Tangu mwaka wa 1935 watu zaidi ya milioni 7 wameweka jicho pale. Hakuna darubini nyingine duniani iliyoangaliwa na macho mengi namna ile. Kwa upande mwingine kuna vyombo vya kuonesha Jua, ili mtu aone madoadoa yake bila kuharibu macho.

Chini ya paa kubwa ndiyo chumba cha kulipa. Unakaa, unaangalia juu, taa zinazimika, na mashine inatupa nyota zote juu ya paa kama vile uko nje usiku. Griffith hakuandika mashine hii ndani ya wosia wake, maana ilikuwa haijatengenezwa bado. Wadachi waliionesha mara ya kwanza mwaka wa 1923, na waliojenga nyumba wakaona inapita sinema. Katika miaka ya 1960, watu waliokuwa wanatayarishwa kwenda Mwezini katika safari za Apollo walikuja kukaa ndani ya chumba hiki kujifunza nyota, ili wasipotee njia.

Kati ya mwaka wa 2002 na 2006 walifunga nyumba, wakachimba chini yake ili kuongeza vyumba, bila kuharibu sura ya zamani. Sasa chini kuna vipimo vya uzito: unasimama juu yake, unaona uzito wako wa fasi nyingine. Mwenye kilo 60 angekuwa na kilo 10 juu ya Mwezi, na zaidi ya kilo 140 kule Jupita. Kuna pia ukuta wenye picha moja ya mbingu, metre 46 kwa urefu na metre 6 kwa kimo, imejaa makundi ya nyota yasiyohesabika. Karibu na picha sanamu ya Einstein imeketi juu ya banki, ameinua kidole kimoja mbele ya macho. Maana yake ni hii: ile picha yote kubwa ni sehemu ndogo tu ya mbingu ambayo kidole kinafunika. Usiku wa leo tokeni nje, muinue kidole, mufikiri ni nini munakifunika.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Mtu mmoja anaweza kusema: basi, Griffith alilipa deni lake, mambo yamekwisha. Mimi sikubali. Nyumba ya nyota, hata ingekuwa ya dhahabu, haikurudisha jicho la Christina. Yeye aliishi mpaka mwaka wa 1948. Maana yake siku ile ya 1935 walipofungua milango, alikuwa bado hai, anaona kwa jicho moja, na jina lililowekwa juu ya mlima lilikuwa la mtu aliyemupiga risasi. Bustani inaitwa Griffith, nyumba inaitwa Griffith. Hakuna inayoitwa Christina.

Lakini siwezi pia kusema kwamba nyumba ile ingeachwa bila kujengwa. Mamilioni ya watoto wameona pete za Saturne. Wao hawakupiga mtu. Kwa nini wakae gizani juu ya kosa la mwingine?

Kosa la wale waliokataa, na la wale waliopokea, ninaliona ni moja. Wote walibishana juu ya Griffith: heshima yake, jina lake, franga zake. Katika yote niliyoyasoma, sikuona fasi moja ambapo waliuliza yule aliyeumizwa.

Sisi tulifanya vilevile. Juma mbili tulipiga kelele juu ya taa, na hakuna aliyekwenda kuuliza yule mdogo wetu aliyepigwa. Nilikwenda siku ya jumamosi. Alikuwa anafua nguo zake kwenye bomba, akaogopa kuniona, akafikiri ameandikwa kwa kosa. Nikamuuliza. Akafikiri kidogo, akanijibu kwamba taa aipende tu, maana mtihani uko karibu na yeye anashindwa hesabu. Lakini anataka asiketi tena karibu na yule mkubwa, na zaidi anataka yule mkubwa aje mwenyewe kusema na mama yake siku ya wageni, si kutuma mtu.

Nilipeleka maneno hayo kwa Bwana Prefe, na kwa mwenye taa. Mwenye taa alinyamaza sana, kisha akakubali. Alisema pia kwamba jina lake lisiandikwe juu ya taa.

Basi tangu jumatatu taa iko ndani ya chumba cha masomo. Mtoto anaketi benchi la mbele, mkubwa anaketi nyuma kabisa, karibu na mlango, fasi mwangaza unafika kidogo. Mimi niliyesema kwa sauti kubwa ninaomba radhi kwa sauti kubwa vilevile, ndani ya gazeti letu hili.

Siku ya wageni bado haijafika. Tutaona.

Kiongozi wenu wa wanafunzi, finalisti